Jicho Mbele ya Mwali

Katika upasuaji mwingi mgonjwa hutiwa usingizi, na aamkapo husimuliwa yaliyopita. Upasuaji wa jicho kwa mwali wa leza haumpi mtu raha hiyo. Mgonjwa hulala chali, na kiungo kinachopasuliwa ndicho kinachotazama. Kiswahili husema juu ya mtu asiyelala kwamba yu macho. Juu ya kitanda hiki neno hilo hutimiza maana zake zote mbili.

Kwanza hutiwa matone ya ganzi. Kope hutanuliwa kwa kibano kidogo cha waya, hata asiweze kupepesa. Maumivu ni haba, lakini hofu haijui ganzi. Pete hugandamizwa juu ya jicho, na kwa muda mfupi nuru yote hufifia ikawa kijivu, kisha giza. Si ajabu mtu akadhani amekwisha pofuka. Tabaka nyembamba ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, hufunuliwa kama jani la kitabu. Njia hiyo ilijaribiwa na Ioannis Pallikaris huko Krete, Ugiriki, mwaka 1989. Ndipo mgonjwa huamriwa kukodolea taa ndogo imetayo juu yake. Mwali wenyewe hauonekani, kwa kuwa ni wa urujuanimno. Husikika mdundo wa haraka kama wa cherehani, na hunusika harufu kama ya nywele ziunguazo. Harufu hiyo ni ya jicho lake mwenyewe. Mara nyingi dakika haitimii kabla mwali haujamaliza kazi.

Upande wa pili wa hadubini yuko mpasuaji. Mguu wake uko juu ya kikanyagio: akikanyaga mwali hupiga, akiinua husita. Kila pigo huondoa kiasi cha robo ya mikroni, na konea nzima ina unene wa nusu milimita tu. Hesabu imekwisha fanywa, na siku hizi kuna chombo kifuatacho mwendo wa jicho. Walakini mtu akishtuka sana chombo hakimfikii, na mguu huinuka. Kwa hiyo mpasuaji husema bila kukoma: "Tazama taa. Vyema. Bado kidogo." Mgonjwa huyashika maneno hayo kama azamaye ashikavyo kamba. Mpasuaji naye analo la kumwelemea, ambalo mpasua jipu halazimiki kulifikiri. Mtu huyu aliingia akiona kwa miwani yake, na angaliweza kurudi nayo nyumbani. Akipatwa na ukavu wa macho, au akiona duara za nuru kuzunguka taa usiku, hayo hayakuletwa na maradhi. Yameletwa na mkono.

Ni nani basi aliyekubali kutoa jicho zima kwa jambo ambalo halijajulikana? Mwaka 1983 Stephen Trokel na Rangaswamy Srinivasan walionyesha, kwa macho ya wanyama, kwamba mwali huu hukata konea bila kuunguza kando zake. Huko New Orleans, Marekani, Marguerite McDonald aliendelea kwa wanyama, kisha kwa macho ya watu yaliyokwisha pofuka. Lakini jicho pofu haliwezi kueleza kama sasa linaona vyema. Mwaka 1988 alipatikana mwanamke mwenye saratani katika tundu la jicho. Ilimpasa kuondolewa jicho lenyewe pia, na jicho hilo lilikuwa likiona. Alijitolea lipigwe mwali kwanza.

Faida yake mwenyewe haikuwapo. Daktari hakuweza kumwambia lile neno ambalo wagonjwa wote waliofuata waliambiwa, kwamba ataona bila miwani. Watu hao walifuata kwa wingi baada ya serikali ya Marekani kuidhinisha leza hiyo mwaka 1995. Jicho la mwanamke yule liliachwa lipone kwa siku chache, likiona. Kisha likaondolewa kama ilivyopangwa, na konea yake ikawekwa chini ya hadubini.