Cheo hakisubiri nyumba itulie

Kwetu Kashai, binti akifanya vizuri darasani hakosi kuambiwa, "Utakuwa kama Mama Tibaijuka!" Sawa, lakini wengi husifia vyeo tu. Mimi nikimfikiria, naufikiria mwaka 2000.

Profesa Anna Tibaijuka, mchumi aliyezaliwa Muleba kwa wazazi wakulima, mwaka huo alifiwa na mumewe, Balozi Wilson Tibaijuka. Mwaka huohuo akakabidhiwa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kule Nairobi, nalo lilikuwa likiyumba kifedha. Mikiki alikwishaizoea: mwaka 1996 serikali ililisimamisha BAWATA, baraza la wanawake alilokuwa akiliongoza. Kufikia 2002, shirika lile la Nairobi lilikuwa limepandishwa hadhi.

Misukosuko haikuishia hapo. Desemba 2014 alipoteza uwaziri wa ardhi katika sakata la Escrow, kwa shilingi bilioni 1.6 alizopokea, ambazo mwenyewe alisema ni mchango wa shule. Mwaka 2015 wapiga kura wa Muleba Kusini wakamrudisha bungeni.

Kwa hiyo, shosti unayesubiri watoto wakue, mama mkwe apone na mambo yatulie ndipo uombe umeneja wa tawi la benki, utasubiri sana! Kaa na mwenzio leo, mpange: nani atamchukua mtoto shuleni siku ukichelewa kufunga hesabu? Na nani atakushika mkono siku kazi ikiharibika? Hilo la pili ndilo wengi wetu tunalisahau.