Redio Iliyosikia Bila Kusema

Watoto, redio ya nyumbani mnaijua: inasikia tu, haisemi. Lakini iko redio nyingine inayosikia na kusema pia. Katika nchi yetu watu huiita foni. Ukibonyeza kidude cha mikro na kusema, sauti yako inavuka milima na ziwa bila waya wa simu. Mahali pasipo barabara, foni imesaidia wagonjwa wengi.

Mimi nilijifunza kazi hiyo kwa fundi mmoja mzee katika Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Foni yake ilikuwa ya zamani. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaosemezana kwa redio kwa kupenda tu, si kwa mshahara. Ndani yake mlikuwa na lampu tatu za kioo. Zikipata moto, ziling'aa kama kaa la jiko.

Asubuhi moja ya mwaka 1986 tulimsikia mganga wa zahanati moja upande wa Moba. Aliuliza: «Kalemie, mashua ya dawa imeondoka? Kama imeondoka, nitangoja. Kama haikuondoka, saa sita nitawapakia wagonjwa katika mtumbwi niwalete kwenu. Nijibuni!»

Papa fundi akajibu. Mganga akauliza tena maneno yaleyale. Papa akajibu kwa sauti kubwa zaidi. Wapi! Kule hawakusikia hata neno moja. Na siku ile ziwa lilikuwa na mawimbi makali.

Nikamwuliza: «Papa, tufungue sanduku?»

Akasema: «Bado, mwanangu. Kwanza tujue kilicho kizima. Tunamsikia mganga vizuri, sivyo? Basi antena ni nzima, umeme unaingia, na sehemu zote zinazotumika kwa kusikia na kwa kusema pia ni nzima.»

Kisha akaondoa waya wa antena, akafunga mahali pake ampuli ya wati 100, ile taa ya kioo ya nyumbani. Alifanya hivyo ili majaribio yetu yasiwasumbue watu wengine hewani. Akabonyeza kidude cha mikro. Ndani ya sanduku tukasikia: tak!

«Umesikia? Kidude na waya wake ni vizima. Sasa tazama kipimo.»

Mshale ulipanda kidogo, ukasimama. Maana yake, lampu mbili kubwa za mwisho zilipata umeme wake. Papa akasema katika mikro. Mshale haukutikisika, na ampuli ilibaki giza.

Akageuza swichi mahali pa kupimia, ambapo foni inatoa mawimbi yenyewe, bila sauti ya mtu. Mara ampuli ikawaka sana!

Papa akacheka. «Njia ya mbele yote ni safi. Ubaya uko mwanzoni, karibu na mdomo wangu. Ni mikro, au waya wake, au sehemu ndogo inayokuza sauti. Tupime kwanza kilicho nje, ndipo kilicho ndani.»

Alikuwa na sababu. Lampu kubwa za foni ya namna ile zinatumia umeme wa volti 600 au zaidi. Hata ukizima foni na kuchomoa waya wa umeme, kondensa zake zaweza kuuhifadhi umeme huo na kumwua mtu. Kwa hiyo, watoto, msifungue kamwe sanduku la namna hiyo.

Katika kamba ya mikro mlikuwa na nyaya mbalimbali: mmoja wa kidude, mwingine wa sauti. Papa akaupima ule wa sauti, huku akiipinda kamba pole pole. Karibu na plagi, mahali inapokunjwa kila siku, mshale wa kipimo ukarukaruka. Waya wa sauti, mwembamba kama unywele, ulikuwa umekatika ndani ya mpira, na kwa macho haukuonekana.

Papa akakata kipande kibovu, akalehemu waya upya. Kisha akasema: «Moja, mbili, tatu.» Kwa kila neno ampuli iliwaka, na aliponyamaza ilizimika. Niliiona sauti ya mtu kwa macho yangu!

Antena ikarudishwa. Ilikuwa saa tano na nusu. «Moba, Moba, mashua imeondoka jana jioni.»

«Asante, Kalemie! Tutangoja.»

Tangu siku ile, kitu kikiharibika, siulizi kwanza: Nini kimekufa? Nauliza: Nini kingali kizima? Nanyi fanyeni vivyo hivyo, hata kwa hesabu isiyotoka vizuri. Msifute ukurasa wote. Rudieni mstari kwa mstari, mkiyaacha yaliyo sawa, mpaka mfike mahali pale pamoja palipokatika.