Miche Ikilala

Mwaka jana, kazi ya kwanza niliyolipwa kwa wakati ilihusu nyanya. Mteja alikuwa Marekani, alitaka maneno 1,200 kuhusu kuotesha nyanya kwa mbegu, nami nikamwandikia kama mtu aliyezaliwa shambani. Sia mbegu ndani ya nyumba, nikasema, wiki 6 hadi 8 kabla ya barafu ya mwisho. Naishi Githurai. Barafu naijua ya friji ya duka la soda tu.

Kilichoniuma ni kwamba ningempigia Mathe. Amelima nyanya Mwea tangu nikiwa darasa la tatu, nusu ekari ya kukodi kando ya mfereji. Kila karo niliyowahi kulipiwa ilitoka kwa makreti hayo. Lakini kumpigia ni kujibu swali: "Shule iko aje?" Na shule haikuwepo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, miezi minane kabla. Karo ya mwisho aliyotuma ilinunua laptopu ninayoandikia haya.

Nilipotuma makala, nilishuka kwa agroveti nikanunua pakiti ndogo ya Cal J. Udongo nikachota nje ya ploti, nikajaza trei ya mayai, nikafukia mbegu kina cha sentimita moja hivi. Siku ya sita zikatoka, shingo zimejikunja, ganda bado kichwani kama kofia. Nikawa naikagua miche kabla ya kushika simu. Mtu ambaye hajamaliza chochote kwa muda, akiona kitu kimeanza, anachizi kidogo.

Siku ya kumi na moja, miche sita ilikuwa imelala. Shina limekonda pale linapokutana na udongo, kama uzi uliolowa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Kesho yake ikawa kumi na minne. Nikafungua makala yangu mwenyewe kutafuta jibu. Halikuwamo.

Nikampigia.

"Mami, miche ya nyanya ikianguka shingoni ni nini?"

Kimya. Nikasikia maji ya mfereji.

"Ulichoma udongo?"

"Kwani udongo unachomwa?"

Akacheka kwa pua. Wao, kabla ya kusia, huchoma nyasi kavu juu ya kitalu ili kuua ugonjwa unaokula shina. Kwa keja, mwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili juu pakauke kabla ya usiku. Usiibananishe, inataka hewa. "Na hiyo imeanguka haiamki. Usiimwagilie kwa huruma. Toa, anza tena."

Kisha: "Na wewe, Jumanne saa nne asubuhi, unapanda nyanya. Darasani kuko nani?"

Nikamwambia. Yote, hadi laptopu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hizo zilikuwa kreti kumi na saba," akakata simu.

Wiki tatu hatukuongea. Nilichemsha maji, nikasia thelathini, zikaota ishirini na sita. Majani mawili ya kwanza hayafanani na ya nyanya hata kidogo. Yale ya kweli, yenye meno na ile harufu inayobaki vidoleni, huja baadaye. Yalipofika manne, nilihamisha mitatu kwenye ndoo za rangi nilizotoboa chini, nikaizika hadi karibu na majani, maana shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi. Miche mingine nikampa keateka na mama mboga wa hapo chini.

Nikamtumia Mathe picha. Alama zikageuka buluu. Saa nzima baadaye akaandika: "Weka vijiti. Zitaanguka."

Siku hizi tunaongea nyanya. Nimelipa kreti tatu kwa M-Pesa, kumi na nne bado. Kila nikituma, haniambii asante. Anauliza kama nimetoa vichipukizi vya kando, kama nimeona viwavi. Neno shule hajalitaja tena, na sijui kama amenisamehe ama amechoka tu.

Ndoo ya katikati ina maua manne. Nayatikisa kila asubuhi kwa kidole, polepole, vile alivyosema.