Samaki wa Ijumaa

Jioni moja ya Ijumaa niliingia katika mkahawa mmoja hapa Nyamache ili nile samaki wa kukaanga. Palikuwa na mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta wa Ziwa Victoria, ambayo husalia viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini niliona haya: mwalimu mzima ale mifupa mbele ya watu wamjuao? Nikaagiza samaki mzima kwa fedha niliyoiweka ya madaftari ya mwanangu. Mzee aliyeketi karibu nami alifyonza mifupa yake kwa utulivu, akalipa, akaenda zake. Jumatatu mwanangu alikwenda shuleni mikono mitupu. Kiburi changu, msomaji, kililipiwa na mtoto.