Madini ya Rubaya ni ya nani?

Mwizi akiuza pikipiki aliyoiba, mwenyewe bado ni yule aliyeibiwa. Leif Wenar, mwanafalsafa Mmarekani, anauliza katika kitabu chake Blood Oil cha mwaka 2016: mbona kwa petroli na madini ni kinyume? Mwenye bunduki anauza, na inchi tajiri zinanunua kama vile ni halali. Tena mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1966 yanasema utajiri wa inchi ni wa wananchi wake. Wenar anataka sheria za wanunuzi wenyewe zikataze biashara hiyo.

Rubaya, kule Masisi, ilitekwa na M23 mwaka 2024, na koltani ikaendelea kutoka. Mchimbaji anayebeba gunia mgongoni ni mmoja wa wenye mali. Hakuna aliyemuuliza.