Nauli na Safari Iliyokatika

Mwezi wa Machi 2024 Serikali ya Rwanda iliondoa ruzuku ya nauli iliyokuwapo tangu 2020, na nauli za mabasi zikapanda. Hapa Rusizi watu walinung'unika. Mimi sikuungana nao: sehemu iliyolipwa na hazina sasa hulipwa na abiria, na mafuta hayapatikani bure.

Lakini baadaye basi nililopanda kutoka Kigali liliharibika ndani ya msitu wa Nyungwe, magharibi imeingia, mvua inanyesha (na mvua ya Nyungwe haina huruma). Basi la pili lilikuja limejaa. Mama mmoja aliyekuwa akirejea Bukavu akamwuliza utingo, "Kaka, fedha ya njia iliyobaki iko wapi?" Akajibiwa kwamba tiketi hairudishwi.

Neno nauli tumelitwaa katika Kiarabu, nalo ni ujira wa kuchukuliwa na chombo. Asiyefikishwa amelipa ujira wa nini? Niliwauliza wanafunzi wangu. Wote walimwunga mkono yule mama, isipokuwa mmoja, mtoto wa dereva, aliyetaka kujua vipuri vitanunuliwa na nani.