Michembe kwenye meza ya kitambaa cheupe

Kutoka Shinyanga nilizungukia Mwanza ili nipite Daraja la J.P. Magufuli, lile la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo tulisubiri kivuko huku tukila mahindi ya kuchoma. Siku hizi unavuka kwa dakika chache, ila mahindi ndiyo umeyakosa.

Jioni nilikuwa Geita mjini, kwenye mgahawa wa hoteli ya bei, pamoja na dada yangu na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu. Shemeji ni mchimbaji mdogo, na wiki hiyo duara lao lilikuwa limetema.

Menyu ilikuwa na kurasa mbili. Moja ya vyakula vya Kizungu: steki, pasta, baga. Nyingine ya vyakula vya nyumbani: sato, ugali wa muhogo, michembe ya karanga. Michembe! Viazi vitamu vile vile ambavyo bibi alivikata, akavianika na kutuwekea akiba ya kiangazi. Bei yake ilikaribia ya baga.

Dada akacheka. "Nimevikimbia kijijini, leo nivilipie?" Akamwagizia mtoto chipsi na soda.

Mchana nilikuwa nimeiona kadi ya kliniki ya mtoto. Mstari wa uzito umelala miezi mitatu. Kwao hakuna njaa, friji ipo. Lakini asubuhi ni chai ya rangi na maandazi, mchana chipsi, jioni wali na mchuzi mwepesi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Sikumhubiria. Mimi ni mdogo wake, halafu bili ni yake. Niliagiza michembe, sato wa kuchemsha na maziwa mgando. Michembe peke yake ni wanga tu, kama chipsi. Kinachoijenga ni karanga za kusaga, maziwa na samaki. Nikamchambua sato miiba mara mbili, nikaponda vyote kwa kijiko. Mtoto alinitazama kwanza, kisha akafungua mdomo. Akafungua tena.

Dada akaonja. "Ya bibi ilikuwa na karanga nyingi zaidi," akasema.

Mhudumu alipokuja kutoa sahani, akamuuliza michembe wanainunua wapi, na debe ni shilingi ngapi.